Sahagún, 21 Desemba 1808: kupigana vita vya wapanda farasi mezani ukiwa peke yako

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Wengi wetu tunaopenda michezo ya vita ya mezani tuna shida moja, nayo ni kukosa mtu wa kucheza naye. Mke wangu alikubali kukaa upande wa pili wa meza mara moja tu, na kabla ya zamu ya tatu alikuwa amekwisha kuniuliza iwapo hao farasi wangu hawachoki. Tangu siku hiyo nacheza peke yangu. Nimejaribu mapigano ya askari wa miguu, nimejaribu kuzingirwa kwa ngome, nimejaribu hata kuvuka mto chini ya mizinga, na karibu yote yaliharibika kwa sababu ileile: nilikuwa najua mapema kila upande unakusudia nini. Aliyewahi kucheza bao akiwa pande zote mbili anafahamu ninachosema. Unaweza kujiapiza kwamba utatenda haki, lakini kete zinakwenda pale moyo unapopenda.

Aina moja tu ya pigano haikuharibika, nayo ni ile ya wapanda farasi wa enzi za Napoleon. Sababu yake, kwa maoni yangu, ni kwamba katika pigano la farasi kamanda mwenyewe alikuwa na mamlaka kidogo mno. Alikuwa na uamuzi mkubwa mmoja au miwili: ni lini aachie farasi, na ni wangapi awabakize nyuma. Tarumbeta ikishalia, na farasi mia nne wakishatoka kwenye matiti (mwendo wa mbio za polepole) na kuingia shoti (mbio kamili), hakuna amri inayosikika wala mjumbe anayeweza kuwapata, na kila mpandaji anashughulika na hatamu zake na kitara cha mtu aliye mbele yake. Basi mchezaji wa peke yake, ambaye udhaifu wake ni kutia mkono kila mahali, anajikuta katika pigano ambalo hata jenerali halisi hakuweza kutia mkono. Dadu zinashika nafasi ambayo ilikuwa wazi tangu mwanzo.

Pigano nililolichagua ni la Sahagún, huko León nchini Hispania, alfajiri ya tarehe 21 Desemba 1808. Jeshi la Waingereza chini ya Sir John Moore lilikuwa likisogea kumkabili Marshali Soult wa Ufaransa, na kamanda wa wapanda farasi wake, Lord Paget, akapata habari kwamba brigedi ya wapanda farasi wa Kifaransa chini ya Jenerali Debelle imelala mjini Sahagún. Paget aliondoka usiku, katika theluji na barafu, akiwa na vikosi viwili vya mahusari, yaani wapanda farasi wepesi: kikosi cha 10 na kikosi cha 15. Mpango wenyewe haukuwa na makuu. Jenerali Slade angeingia mjini na kikosi cha 10 ili kuwakurupusha Wafaransa, na Paget angeuzunguka mji na kikosi cha 15, kilichokuwa na watu wapatao 400, awangoje watakapotokea upande wa pili.

Haukwenda hivyo. Lindo la Wafaransa lilikutwa njiani na baadhi yao wakakamatwa, lakini taarifa ikamfikia Debelle, naye akapata muda wa kutoka mjini na kupanga watu wake: mbele kikosi cha kwanza cha muda cha mashaseri, ambao nao ni wapanda farasi wepesi, na nyuma yao kikosi cha 8 cha madraguni, aina nyingine ya wapanda farasi. Slade hakuwa ameonekana. Inasimuliwa kwamba alikuwa akiwahutubia askari wake. Paget hakumngoja. Mahusari wa kikosi cha 15 walipaza sauti wakilitaja Emsdorf, mahali kikosi chao kilipopata ushindi mwaka 1760, wakaenda. Hapo mashaseri wakafanya kosa ambalo mpanda farasi hatakiwi kulifanya: walisimama palepale na kufyatua bunduki zao fupi wakiwa juu ya farasi. Walipigwa, wakasukumwa hadi ndani ya mistari ya madraguni waliokuwa nyuma yao, na vikosi vyote viwili vikavunjika pamoja. Wafaransa zaidi ya 150 walitekwa, wakiwemo maofisa 13, ilhali Waingereza waliouawa walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Nililipenda pigano hili kwa sababu ni dogo, lina uamuzi wa kweli kwa kila upande, na lina mtu mmoja ambaye hakuna ajuaye atafika lini.

Sasa meza. Ni meza yangu ya chakula, sentimita 120 kwa 180, iliyotandikwa shuka nyeupe kuwa theluji, na vitabu vichache chini ya shuka kuwa miinuko. Mji ni maboksi ya kiberiti. Sentimita 1 ni mita 10, na zamu moja ni dakika moja. Kwa kipimo hicho farasi anayetembea anakwenda sentimita 10 kwa zamu, anayekwenda matiti sentimita 22, na anayekwenda shoti sentimita 40, ambazo nimezipunguza hadi 30 kwa ajili ya barafu. Skwadroni (sehemu ya kikosi) ya watu 100 iliyojipanga katika mistari miwili hushika upana wa mita 50 hivi, kwa hiyo kila kibao changu kina upana wa sentimita 5 na kina cha sentimita 3. Nimevikata kutoka kwenye boksi la viatu na kuvipaka rangi: buluu kwa mahusari, kijani kwa Wafaransa wote. Kila kikosi kina vibao 4. Mara ya kwanza nilipovipanga, feni ya dari iliichagua zamu ya pili kupeperusha brigedi nzima ya Debelle hadi chini ya kabati, na ndipo nilipojifunza kubandika washa ya chuma chini ya kila kibao.

Kanuni zangu ni chache. Kabla ya zamu ya kwanza naandika amri ya kila kikosi kwenye kipande cha karatasi na kukiweka chini ya kikombe. Amri haibadiliki mpaka kamanda awe ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye kikosi husika na apate 4 au zaidi kwenye dadu moja. Kikosi kilichokwisha kuingia shoti, au kilichoshikana na adui, hakipokei amri yoyote hata kamanda akiwa katikati yake. Debelle sina ruhusa ya kumwamulia. Mahusari wanapofika sentimita 40 kutoka kwa mashaseri narusha dadu: 1 hadi 3, wanasimama na kufyatua bunduki, 4 au 5, wanatoka kwa matiti kuwalaki, 6, wanaingia shoti. Nusu ya uwezekano nimeiachia historia.

Wakikutana, kila upande unarusha dadu mbili. Unaongeza 2 kwa aliye katika shoti huku mistari yake ikiwa imekaa sawa, 1 kwa aliye katika matiti, na unapunguza 2 kwa aliyesimama. Anayepiga ubavuni anaongeza 2. Tofauti ikiwa sifuri, 1 au 2, wanaendelea kukatana na wote wanavurugika. Aliyevurugika anapunguza 1. Tofauti ikifika 3, aliyeshindwa anageuka na kukimbia sentimita 30 moja kwa moja nyuma, na rafiki yeyote atakayekutwa njiani anarusha dadu. Akipata 1 hadi 3 naye anavurugika. Hilo ndilo lililowapata madraguni.

Kanuni ninayoithamini kuliko zote naiita kanuni ya hatamu, nayo inamhusu aliyeshinda. Kila kibao kilichoshinda kinarusha dadu: 1 hadi 3, kinafukuza bila kuuliza na hakirudi kwa zamu mbili, 4 au 5, kinasimama lakini kimevurugika, 6, kinajikusanya na kiko tayari. Kamanda akiwepo anaongeza 1. Kwa maneno mengine, ushindi wenyewe unakunyang'anya askari wako, na kama hukubakiza kibao kimoja nyuma unakuwa mtazamaji.

Slade naye anategemea dadu. Kuanzia zamu ya 4 anafika kwa 6 tu, kuanzia zamu ya 7 kwa 5 au 6, na kuanzia zamu ya 10 kwa 4 au zaidi. Akitokea narusha dadu nyingine: 1 hadi 3, watu wa Paget wanamdhania kuwa ni adui na wanalazimika kusimama kujipanga. Hili sikulibuni. Inasimuliwa kwamba siku ile kikosi cha 10 kilipoonekana kwa mbali kilidhaniwa kuwa ni Wafaransa, na mbio za kuwafukuza adui zikakatika.

Katika mchezo wa kwanza Debelle alipata 5. Mashaseri wakatoka kwa matiti, na pigano likawa jingine kabisa: vibao viwili vya Paget vya upande wa kushoto vilivunjwa, viwili vya kulia vikashinda na kutokomea nyuma ya adui vikifukuza, na kwa zamu mbili nzima Paget alibaki peke yake juu ya kitabu cha jiografia, bila hata mtu mmoja wa kumpa amri, huku madraguni wanne wazima wakimtazama. Nilikuwa nimesahau kubakiza akiba. Slade alifika zamu ya 11, wakati hapakuwa tena na kitu cha kuokoa.

Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, heshima yako. Uzi ni mzuri, lakini nina pingamizi. Karatasi iliyo chini ya kikombe haimfichi kitu mtu aliyeiandika. Debelle umemkabidhi kwa dadu, sawa, lakini amri zake za mwanzo umeandika wewe, na madraguni wamewekwa mahali ulipotaka wewe, ukijua Paget anakuja kutoka wapi. Hapo umekwepaje ule ugonjwa wa bao ulioutaja?

Mwanzisha uzi

Ndugu, pingamizi lako ni la haki. Katika mchezo wa pili niliandika amri tatu tofauti kwa kila kikosi cha Wafaransa, kila moja ikiwa ni jambo ambalo ofisa mwenye akili angeweza kulifanya, nikazikunja, nikazichanganya ndani ya kikombe na kuchomoa moja bila kuifungua mpaka mahusari walipotoka nyuma ya mji. Amri za madraguni zilikuwa kukaa nyuma ya mashaseri kwa umbali wa sentimita 10, kukaa sentimita 25 nyuma na pembeni, au kuondoka mapema kuelekea mashariki. Ile ya katikati ndiyo inayompa Paget taabu kubwa, kwa kuwa mashaseri wakikimbia hawawagusi madraguni, na mahusari wanaofukuza wanaupitisha ubavu wao mbele ya watu wazima.

Lakini nikukiri jambo jingine, maana wewe umeshuku amri na mimi nilishuku amri vilevile, kumbe wizi ulikuwa kwenye futi kamba. Niliporudia zamu za mchezo wa kwanza ili kuziandika, niligundua kwamba vibao vya Paget nilikuwa nikivipima kuanzia ukingo wa mbele hadi mahali ukingo wa nyuma ulipotua, na vya Wafaransa kuanzia ukingo wa mbele hadi ukingo wa mbele. Kibao kina kina cha sentimita 3. Kwa kila mwendo Paget alikuwa akipata mita 30 za bure, na ninaapa sikuwa najua. Sasa nimekata vijiti vitatu vya mianzi, vya sentimita 10, 22 na 30, na futi kamba nimeifungia kwenye droo.

Waprusia, waliokuwa na mchezo wao wa vita wa kuwafundishia maofisa tangu miaka ya 1820, walilimaliza jambo hili kwa kuweka mwamuzi aliyesimama katikati na kushika vipimo vyote. Sisi wa peke yetu hatuna mwamuzi, na kwa uzoefu wangu kijiti cha mwanzi ndicho kinachomkaribia.

Mchangiaji wa 2

Wakuu, nimeufuatilia mjadala huu kwa makini. Swali langu linahusu ile hesabu ya kupunguza 2 kwa aliyesimama. Naona inafaa kwa mahusari na mashaseri, ambao ni watu wepesi juu ya farasi wadogo, lakini je, itafaa kwa wapanda farasi wazito? Ninafikiria jioni ya tarehe 22 Aprili 1809, baada ya pigano la Eckmühl huko Ujerumani, pale Alteglofsheim, ambapo makirasia, yaani wapanda farasi wazito, wa Kifaransa walikutana na makirasia wa Austria wakati giza linaingia. Wale walivaa deraya za chuma. Je, deraya haistahili alama zake?

Mwanzisha uzi

Mkuu, umegusa pigano ninalolipenda na ambalo bado sijathubutu kulipanga, kwa sababu vibao vitakuwa vingi kuliko meza.

Kuhusu kusimama, sitabadilisha hesabu hata kwa wazito. Makirasia hawakutegemea mbio. Walitegemea uzito na kubanana, goti kwa goti, na mara nyingi walikuja kwa matiti ili mstari usifumuke. Katika kanuni zangu nitawapa wazito wanaokwenda matiti nyongeza ileile ya 2 ambayo wepesi wanaipata kwa shoti. Lakini mtu aliyesimama juu ya farasi aliyesimama hana uzito wowote wa kumtupia mwenzake, awe amevaa chuma au amevaa manyoya.

Deraya ndiyo yenye utamu. Siku ile makirasia wa Kifaransa walikuwa na deraya ya kifua na ya mgongo, ilhali wa Austria walikuwa na ya kifua peke yake. Ukiwaza harakaharaka utasema Mfaransa apewe nyongeza ya 1 katika kila mkabala, na nadhani hilo ni kosa. Watu wawili wakikabiliana uso kwa uso, wote wana chuma mbele, tofauti haipo. Tofauti inajitokeza pale watu wanapochanganyika na kuanza kuzungukana, na zaidi pale mmoja anapogeuza farasi kukimbia, kwa sababu sasa Mwaustria amemwonyesha mwenzake koti tupu. Kwa hiyo mimi ningeiweka nyongeza hiyo katika zamu ya pili ya kukatana na katika kufukuza, si katika mgongano wa kwanza. Utaona jinsi inavyobadilisha mchezo: kamanda wa Austria ana sababu ya kutaka yote yaishe kwa pigo la kwanza, na kamanda wa Kifaransa ana sababu ya kutaka yaendelee. Huhitaji kumwandikia Mwaustria amri ya kuwa na pupa. Deraya yake imekwisha kumwandikia.

Giza nalo lina kanuni yake. Kibao chochote kisichokuwa ndani ya sentimita 15 kutoka kwa adui kirushe dadu kabla ya kwenda shoti, na kikipata 1 kiende upande ambao dadu ya pili itauonyesha.

Mchangiaji wa 3

Samahani mkuu, mimi ni mgeni katika mambo haya. Shemeji aliuliza kama farasi hawachoki, nawe ukaendelea na habari za Hispania. Je, ulimjibu?

Mwanzisha uzi

Umenikamata. Nilimjibu siku ile kwamba ni vipande vya boksi la viatu, jambo ambalo lilimaliza mazungumzo na lilikuwa jibu la kijinga, kwa sababu farasi wa kikosi cha 15 walikuwa wametembea usiku kucha kwenye barafu kabla ya kuombwa shoti hata mara moja.

Sasa kila kibao kinaanza na punje tatu za mchele juu yake. Ukikipeleka shoti unaondoa punje moja. Kikifukuza unaondoa moja nyingine. Kisicho na punje hakiwezi shoti tena, na katika mgongano kinapunguza 1. Vibao vya Paget vinaanza na punje mbili tu kwa ajili ya ile safari ya usiku, na vya Wafaransa, waliotoka kitandani, vina tatu. Kanuni hii ndogo imefanya kazi kuliko hesabu zangu zote: Paget ana shoti mbili za maisha yake, na akiitumia ya kwanza akiwa mbali mno, ya pili haitamfikisha. Mke wangu ameambiwa kwamba kanuni hii ni yake, akasema mchele huo nisiurudishe jikoni.

Mchangiaji wa 4

Habari za wakati huu, wakuu. Nimelicheza pigano hili jana usiku kwa kufuata maelekezo ya mwanzisha uzi, pamoja na amri tatu za kuchomoa na punje za mchele, nami naomba kuwasilisha yaliyonipata.

Vibao sikuwa navyo, nikatumia vizibo vya soda. Kila vizibo viwili vilivyofungwa pamoja vilikuwa skwadroni moja. Amri ya madraguni niliyoichomoa ilikuwa ile ya kukaa nyuma na pembeni. Slade alifika zamu ya 4 kwa dadu ya kwanza kabisa, akatambuliwa kuwa ni rafiki, na nikajiambia kwamba pigano limekwisha kabla ya kuanza. Mashaseri walipata 2, wakasimama na kufyatua kama walivyofanya mwaka 1808. Paget akawapiga kwa vibao vitatu na kubakiza kimoja. Slade akawaingia madraguni ubavuni, akawavunja.

Shida ilianza hapo. Vibao vyote vinne vya Slade vilirusha dadu za hatamu, na vyote vinne vikapata 3 au chini. Kikosi kizima cha 10 kikatoka mezani upande wa mashariki kikifukuza, na zamu mbili baadaye kilikuwa hakina punje hata moja ya mchele. Paget alibaki na skwadroni moja nzima na tatu zilizovurugika, na vizibo vinne vya mashaseri, ambao hakuna aliyewafukuza, vikajikusanya nyuma ya mwinuko. Sikupoteza pigano, kwa kuwa ile skwadroni moja iliwazuia, lakini mateka wangu walikuwa wachache mno. Naomba kuuliza: je, ni haki kikosi kizima kupotea namna hiyo? Nilidhani labda kanuni ya hatamu ni kali kupita kiasi.

Mwanzisha uzi

Mkuu, ahsante sana kwa taarifa hiyo. Vizibo vya soda navitamani, havipeperuki.

Kuhusu ukali wa kanuni, bila kujua umemrudishia Slade jambo lililompata kweli miaka mitatu na nusu baadaye. Tarehe 11 Juni 1812, pale Maguilla nchini Hispania, Slade huyuhuyu alikuwa na vikosi viwili vya madraguni wazito akimfuata Jenerali Lallemand wa Ufaransa, aliyekuwa na nguvu zinazokaribia kulingana naye. Aliwashambulia Wafaransa, akawavunja, na watu wake wote wakaondoka shoti kuwafukuza, akiba ikiwa imo katika mbio hizohizo. Lallemand alikuwa amebakiza watu wazima nyuma. Walipojitokeza, Waingereza hawakuwa na mstari, hawakuwa na pumzi, na hawakuwa na mtu wa kukimbilia nyuma yake; walikimbizwa maili kadhaa na zaidi ya mia moja wakatekwa. Wellington, kamanda mkuu wa Waingereza, alimwandikia Jenerali Hill barua ya hasira akilalamika kwamba maofisa wake wa farasi wana tabia ya kukimbilia shoti kila kitu wanachokiona, na kwamba hawakumbuki kubakiza akiba. Mtu aliyechelewa Sahagún kwa hotuba, Maguilla aliharibikiwa kwa haraka.

Kwa hiyo dadu zako nne hazikunishangaza. Ninachokubali ni kwamba vibao vinne kupotea vyote kwa pamoja ni bahati mbaya ya nadra, yaani mara moja katika kumi na sita, na kwamba Slade, ambaye alikuwa amepanda pamoja nao, hukumhesabia ile nyongeza ya 1 ya kamanda. Angalia tena: aliyepata 3 halisi angekuwa na 4, na angesimama ingawa amevurugika. Je, hao wanne walipata ngapi ngapi?

Mchangiaji wa 4

Walipata 1, 3, 3 na 2. Nyongeza niliisahau kabisa, mkuu. Kwa hiyo wawili wa katikati walipaswa kubaki.

Mwanzisha uzi

Basi wawili walibaki, na mashaseri wako wa nyuma ya mwinuko walikuwa wametekwa bila wewe kujua. Kama vizibo bado viko mezani, virudishe hadi zamu ile na uendelee. Mimi huacha meza yangu ilivyo usiku kucha kwa sababu ya mambo kama hayo, ingawa inabidi tule chakula tukiwa mkekani.

Mchezo wangu wa tatu niliumaliza juzi, na Debelle alipata 1. Mashaseri walisimama, walifyatua, walivunjika, wakawaangukia madraguni sentimita 10 nyuma yao, na madraguni wakapata 2 na kuvurugika. Ni Sahagún ileile hatua kwa hatua, na sikuwa nimeigusa. Katika zamu ya 9 Slade alitokea kwenye kona ya maboksi ya kiberiti, nikarusha dadu ya kumtambua, ikaja 2. Skwadroni mbili za Paget ambazo bado zilikuwa zinasikia tarumbeta zikasimama na kujipanga kumkabili rafiki yao, na madraguni watatu kati ya wanne wakaondoka mezani wakitembea, kila mmoja akiwa bado na punje zake.

Wiki ijayo nategemea kulipanga pigano la Usagre, nalo la Hispania, la tarehe 25 Mei 1811, ambapo brigedi ya madraguni ya Jenerali Bron wa Ufaransa ilivuka daraja na kupita mjini, ikashambuliwa kabla haijamaliza kujipanga, na ilipogeuka ikakuta daraja lilelile limezibwa na wenzao waliokuwa wakija. Daraja nimeshalitengeneza kwa rula ya plastiki. Upana wake ni sentimita 3 na kibao changu ni 5, kwa hiyo kwanza ninatafuta namna ya kuvikata vibao katikati ili skwadroni ivuke kwa nusu nusu, na mwenye mawazo kuhusu hilo anisaidie.